Sam Cooke hapigi kelele

Salma: Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Nina swali, kila mtu anijibu kwa jina moja tu. Waimbaji wa kiume wa zamani, sauti ipi imekukaa zaidi? Sisemi wimbo, nasema sauti. Jana usiku nilimsikiliza Nat King Cole kwa hedifoni, taa nimezima. Kabla ya mstari wa pili nikamsikia anavuta pumzi. Nikageuza kichwa, nikidhani kuna mtu chumbani.

Rehema: Marahaba mwanangu. Jim Reeves. Sina wa pili.

Athumani: Tabu Ley.

Idi: Marahaba Salma. Sam Cooke, na nipo tayari kumtetea usiku kucha.

Hamisi: Otis Redding. Mjomba nakuheshimu, lakini Otis.

Joyce: Marvin Gaye jamani! Mnamrukaje?

Salma: Haya, sasa sababu. Mama Mkubwa anza wewe.

Rehema: Hiyo pumzi uliyoisikia ndiyo sababu yangu. Zamani kabla ya maikrofoni za umeme, mwimbaji alikuwa anaimba ndani ya pembe ya mashine ya kurekodia. Asiye na sauti kubwa hakusikika. Kuanzia mwaka 1925 maikrofoni zikaingia studio, ndipo mtu akaweza kuimba kama anayemnong'oneza mwenzake. Bing Crosby, mwimbaji wa Marekani, akawa miongoni mwa wa kwanza kulielewa hilo. Sasa Jim Reeves mwanzoni alikuwa anapaza kama waimbaji wengine wa kantri, ule muziki wa mashambani wa Marekani. Mwaka 1957 akabadilika. Akashusha sauti, akaisogelea maikrofoni mpaka midomo inakaribia kuigusa. Wapo kwenye kampuni yake ya rekodi walioona anaharibu, lakini Chet Atkins aliyekuwa akisimamia kazi zake akamuunga mkono.

Rehema: Aliwahi pia kuwa mtangazaji wa redio, na unalisikia hilo. Kila neno linafika zima. Baba yetu Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini Jim Reeves alimwelewa mwanzo mpaka mwisho. Akiwekwa Jim Reeves, baba alikuwa anaacha chochote alichoshika mkononi.

Idi: Kweli Dada. Na alikuwa hataki mtu azungumze mpaka sindano inyanyuliwe.

Rehema: Julai 1964 Reeves alipoanguka na ndege aliyokuwa anairusha mwenyewe alikuwa na miaka 40 tu. Mimi naisikia sauti ya mtu mzima wa miaka 60. Sijui uzito ule aliutoa wapi.

Athumani: Yangu ni fupi. Tabu Ley alikuzwa na African Jazz, bendi ya Joseph Kabasele kule Kongo, na mwaka 1970 akasimama jukwaa la Olympia, Paris. Lakini hata bila hayo. Kilingala sijui sentensi tatu, na bado najua mahali anapobembeleza na mahali anapolalamika. Sauti nyembamba, iko juu, haichoki. Inapita juu ya magitaa bila kuyasukuma.

Idi: Shemeji, hapo sikubishii.

Rehema: Na kwa Kiswahili je? Marijani Rajab mnamwacha? Hawakumwita Jabali la Muziki bure.

Salma: Mama Mkubwa, jina moja!

Rehema: Huyo siwezi kumwacha mwanangu. Hesabu mawili.

Joyce: Zamu yangu. Mwaka 1970 Marvin alikuwa anarekodi wimbo "What's Going On", akaimba sauti ya kuongoza mara mbili ili baadaye achague moja. Fundi mitambo akazifungulia zote mbili pamoja kwa bahati mbaya. Marvin akasikia, akaamua zibaki hivyo hivyo. Ndiyo maana kwenye albamu yenye jina hilo hilo anajijibu mwenyewe: mmoja anauliza, mwingine yuko nyuma kidogo anamtuliza. Nikiwa na mawazo nawafuata wale wawili, simjali hata mpiga ngoma.

Salma: Wifi, mimi miaka yote nilidhani ni watu wawili!

Joyce: Ni yeye na yeye.

Hamisi: Sasa twende kwenye kesi. Mjomba, Sam Cooke ni mtamu mno. Sauti imepigwa pasi, haina hata mkunjo. Otis anakwaruza. Unasikia koo lake linafanya kazi, unasikia mtu anayehitaji kitu. Akianza kurudia neno moja mara nne, mara tano, mimi nasimama.

Idi: Hamisi, mwanangu, utamu ule si wepesi. Sam alikuwa na miaka 19 alipoingia Soul Stirrers, kundi la nyimbo za injili, mwaka 1950. Aliyempisha ni R. H. Harris, sauti kubwa iliyokuwa inaheshimika kila lilipopita lile kundi. Kijana angeweza kushindana naye kwa nguvu. Hakufanya hivyo. Akaanza kuizungusha sauti. Anafika kwenye silabi ya mwisho, badala ya kuikata anaikunja, inapanda kidogo, inashuka, inalala. Msikilize popote anapoimba "wo-o-o". Hajaweka neno lolote pale, na pale ndipo penye maana yote. Sam Cooke hapigi kelele kwa sababu hana haja nazo.

Hamisi: Mjomba, umesikia ile rekodi ya Harlem Square Club?

Idi: Nimeisikia.

Hamisi: Basi niwaambie wengine. Januari 1963 Sam alirekodiwa akiwa jukwaani kwenye klabu hiyo, kule Miami, mbele ya watu weusi wenzake, na pale anapiga kelele. Sauti imepasuka, anachezea watu kama mhubiri. Kampuni ikaona rekodi ile ni kali mno kwa jina walilomjengea, wakaiweka kabatini mpaka 1985. Yeye alikuwa amefariki miaka 20 kabla ya hapo. Kwa hiyo mjomba, Sam halisi ni yule wa Miami. Anakaribia kuwa Otis.

Joyce: Mmh. Mjomba jibu hilo.

Idi: Ngoja nikae vizuri.

Idi: Hamisi, sikatai, na nafuta lile neno langu la kwamba hapigi kelele. Lakini hiyo rekodi ndiyo iliyonifanya nimpende zaidi. Kabla ya kuisikia nilidhani anaimba polepole kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Kumbe ule moto alikuwa nao siku zote. Akiimba wimbo laini sasa naisikia ile nguvu imekaa chini, ameishika. Wewe unasema Sam halisi ni wa Miami. Mimi nasema ni mtu mmoja, ila studio alikuwa anachagua.

Athumani: Hapo shemeji umesema.

Idi: Halafu jambo la pili. Sam alipigwa risasi tarehe 11 Desemba 1964, ana miaka 33. Julai 1965 Otis akaingia studio, na karibu albamu nzima ikarekodiwa ndani ya saa 24. Humo ameweka nyimbo tatu za Sam Cooke. Tatu! Otis mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Sam, Hamisi.

Hamisi: Hilo najua mjomba, na sioni linamshusha vipi. Otis naye aliondoka Desemba, tarehe 10, 1967, ndege ikaanguka ziwani. Miaka 26. Mimi nimeshampita umri na bado naona anaimba kama mtu aliyenizidi.

Rehema: Miaka 26 jamani.

Salma: Mjomba, kati ya hizo tatu nisikilize ipi? Nataka niwaweke wawili kwa pamoja.

Idi: "A Change Is Gonna Come". Oktoba 1963 Sam na wenzake walikataliwa hoteli kule Shreveport, Louisiana, kwa sababu ya rangi yao, na akakamatwa kwa kulalamika. Hilo ni moja ya mambo yaliyouzaa. Anza na Sam, kisha Otis. Usiruke utangulizi.

Salma: Sawa. Nazima taa.

Hamisi: Na hedifoni, si spika ya simu!

Salma: Nimerudi.

Salma: Sam anaanzia juu, tangu neno la kwanza. Nilitegemea ajipange chini kwanza, lakini fidla zinanyanyuka na yeye anaingia kwa sauti iliyokwisha fika. Halafu haongezi. Kila ubeti nilikuwa nasubiri alie, halii. Otis hana fidla, ana tarumbeta na saksafoni, na anaanza kama mtu aliyetembea usiku mzima. Yeye analia kweli.

Hamisi: Kwa hiyo?

Salma: Kaka, kwa Otis machozi yalinitoka nikiwa namsikiliza. Kwa Sam yalinitoka wimbo ulipokwisha, kimya kilipoingia.

Idi: Hapo hapo Salma. Kile kimya.

Rehema: Haya, sasa nendeni mkamsikilize na Jim Reeves. Sauti ndogo, mlango umefungwa.