Mafuta ya mwarobaini kwa mtoto wa miezi 5, ni salama?

Mama Shuu: Habari wapendwa, naomba msaada wa haraka. Mwanangu ana miezi 5, tangu jana usiku mwili unachemka, sasa mama mkwe kaja na kichupa cha mafuta ya mwarobaini anasema nimpe matone mdomoni homa itakata. Majani nayo ashachemsha, harufu imejaa nyumba nzima. Sitaki kumvunjia heshima maana kalea watoto wake kwa miti shamba na wote wazima, ila moyo unasita. Nifanyeje?

nesi_wa_zamu: USIMPE kabisa mama, hasa hayo mafuta. Kichanga akinyweshwa anaweza kutapika, kulegea, kupata degedege, ini nalo likaharibika. Hili sio jambo la kusikia tu, mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika kuhusu watoto waliopatwa na hayo hayo, wengine walifariki. Mpeleke kituo cha afya leo leo apimwe malaria kwa kile kipimo cha kutoboa kidole, ikionekana atapewa dawa kulingana na uzito wake.

Mzigua: Mi mwarobaini nautetea sana lakini kwa nje. Mtu mzima akiwashwa na upele anaogea maji ya majani, kijiti chake tunapigia mswaki, na majani makavu tunaweka kwenye gunia la maharage fukusi wasiingie. Kumnywesha mtoto hapana jamani.

Bi Tausi: Niongezee, wajawazito na wanaotafuta mimba wakae nao mbali, unaweza kutoa mimba. Na wenye kisukari pia, baba mdogo alikuwa anakunywa kikombe kila asubuhi na vidonge vyake anameza kama kawaida, sukari ikashuka akaanza kutetemeka na jasho linamtoka tukamuwahisha na maji ya sukari. Mti unashusha sukari kweli, ndo maana ukichanganya na vidonge ni hatari.

nesi_wa_zamu: Umesema kweli Bi Tausi. Mama Shuu, kwa mkwe wako mwambie tu "mama naomba tuongozane kliniki", akaelezwe na daktari mwenyewe, hapo hujamkosea. Njiani endelea kumnyonyesha, usimfunike mablanketi. Na akigoma ziwa, akitapika kila kitu au akianza kukakamaa usipange foleni, ingia moja kwa moja useme mtoto ana hali mbaya.