Chipu zipi za TLD kwa miale ya tiba: TLD-100, TLD-100H au salfeti ya kalsi?

Mwanamionzi
Wakuu, habari zenu. Tunataka kununua chipu za TLD (vipande vya fuwele vinavyotunza dozi ya mionzi na kuitoa kama mwanga vikipashwa joto) za kupimia dozi kwenye ngozi ya mgonjwa akiwa anatibiwa. Miale yetu ni fotoni za 6 MV na 15 MV, pamoja na elektroni. Tumepewa floridi ya lithi yenye magnesi na titani (TLD-100), yenye magnesi, shaba na fosforasi (TLD-100H), na kuna anayetusukumia salfeti ya kalsi. Kikao kimoja kwa kawaida ni 2 Gy (grei, kizio cha dozi ya mionzi). Tuchukue ipi?

Bi Fuwele
Salfeti iacheni kwenye beji za wafanyakazi. Namba yake fanisi ya atomu (wastani wa namba za atomu zilizomo) ni kama 15, mbali na ya mwili, ambao ni karibu na maji. Maji ni 7.4, floridi ya lithi 8.2. Fotoni za nishati ndogo zikiipata, husoma juu mno. Mtasema mashine yenu ni ya megavolti. Sawa, ila nje ya eneo linalopigwa miale kuna fotoni zilizotawanyika ambazo nishati yake imeshuka, na hapo ndipo itawadanganya.

kibanio
TLD-100H, bila kufikiria mara mbili. Usikivu wake ni zaidi ya mara 20 ya TLD-100, na ikihifadhiwa haipotezi kumbukumbu ya dozi upesi.

Mzee wa Tanuri
@kibanio kwa 2 Gy usikivu wote huo wa nini? Mwanga unaweza kuilemea mashine ya kusomea hadi uiwekee kichujio. Halafu ni chipu dhaifu kwa joto: ikivuka nyuzi 240 za Selsiasi usikivu unaharibika. Kuna kituo walizichanganya na TLD-100 kwenye tanuri la nyuzi 400 la kufutia dozi ya zamani, seti nzima ikaishia hapo.

TLD-100 ni ngumu zaidi, lakini nayo ina masharti kila unapoifuta ili uitumie tena: saa moja kwa nyuzi 400, saa mbili kwa nyuzi 100, na kupoa kwa mwendo uleule kila mara. Ukibadilisha mwendo wa kupoa, usikivu nao unabadilika. Na msishike kwa vidole!

kibanio
Mzee, mbona husemi kwamba TLD-100 ikipita 1 Gy inaanza kuzidisha? 2 Gy haisomeki mara mbili ya 1 Gy. TLD-100H haina tatizo hilo hapo.

Mzee wa Tanuri
Ni kweli, na dawa yake ipo. Chipu za kalibresheni zipige 2 Gy kwenye miale ileile, baada ya kuipima kwa chemba ya ayoni (kipimo rejea cha dozi), na kila chipu iwe na kizidisho chake cha kusahihisha usomaji. Ukaguzi wa dozi za hospitali kwa njia ya posta wa IAEA (shirika la nishati ya atomiki) na WHO ulioanza 1969 uliendeshwa kwa miongo kadhaa kwa poda ya floridi ya lithi, dozi hiyohiyo ya 2 Gy, kikomo cha tofauti asilimia 5.

sina_subira
Dayodi (kihisio cha kielektroniki) je? Jibu papo hapo.

Bi Fuwele
Papo hapo, ndiyo, lakini na waya wake, na usomaji unayumba kwa pembe na joto. Chipu ya milimita 3 unabandika popote, hata kumi kwa pamoja. Kusoma ndiyo kesho.

@Mwanamionzi hiyo 15 MV inazalisha nyutroni. Lithi ya asili ina takriban asilimia 7.5 ya lithi-6, ambayo huzikamata nyutroni za polepole. Ndani ya miale hilo halisumbui, ila mkipima mbali nayo tafuteni TLD-700, ambayo karibu haina lithi-6.

Mwanamionzi
Basi TLD-100 kwa kazi ya kila siku, na TLD-100H chache za macho na sehemu zilizo nje ya miale, kwa 6 MV tu. Juu ya ngozi tuweke kifuniko?

Mzee wa Tanuri
Inategemea unatafuta nini. Kwa 6 MV dozi hufika kileleni kwenye sentimita 1.5 hivi, kwa hiyo ukitaka kuhakiki dozi ya kileleni, weka kifuniko cha unene huo. Ukitaka dozi ya ngozi yenyewe, usiweke; na hata hivyo chipu ya milimita 0.9 itasoma juu kidogo, kwa kuwa unene wake wenyewe tayari ni kina.