vCenter: vpxd inakufa kila siku mbili tatu, nikiiwasha inarudi halafu yale yale

rafu_ya_juu
Wakuu habari za muda huu, naomba msaada, wiki ya pili hii silali. Nina vCenter 7 (programu ya VMware ya kusimamia seva) inasimamia hosti sita (seva halisi) na VM (kompyuta pepe zinazokaa ndani yake) kama mia na ishirini hivi. Kila baada ya siku mbili au tatu, mara nyingi alfajiri, ukurasa wa kuingilia unatoa kosa la 503 (huduma haipatikani), nikiingia kwa SSH nikapiga service-control --status --all naikuta vmware-vpxd, huduma kuu ya vCenter, imelala, nyingine karibu zote zinadunda kama kawaida. Nikiiwasha inaamka, siku inaisha salama, kesho kutwa imelala tena. Memori nimeongeza kutoka GB 12 hadi 20, hola. Seva nzima nimeibuti mara nne. VM zenyewe hazijaguswa ila bakapu za usiku zote zinafeli maana programu ya bakapu inapitia vCenter, na hapo ndipo roho inanidunda, usiku wa tatu huu sina bakapu hata moja. Nafikiria niifute niinstoli upya. Kuna aliyewahi kukutana na hii?

zamu_ya_usiku
Pole sana mkuu. Usifute kitu kwanza. VM kuendelea kufanya kazi ni kawaida, hosti haihitaji vCenter ili kuendesha VM, na HA (ya kuwasha VM upya hosti ikifa) ikishawekwa hosti zenyewe ndo zinaiendesha, unachokosa ni vMotion (kuhamisha VM ikiwa inawaka), DRS (kugawa mzigo kati ya hosti) na hizo bakapu. Kwa hiyo una nafasi ya kuchunguza vizuri.

Swali langu moja, imekufa au imejizima? Wengi tunayaita yote mawili krashi na ndo maana tunazunguka wiki nzima tunaristati. Ikifa kweli huwa inaacha faili la core (nakala ya memori ya programu ilipokufa) kwenye /storage/core, na ukifungua vpxd.log ndani ya /var/log/vmware/vpxd/ mwishoni pale utakuta neno Panic. Kama memori iliisha kenel (kiini cha mfumo) ikaiua, dmesg itakwambia. Ukikosa vyote hivyo basi ilizimwa kwa utaratibu, na hapo mimi nakwenda moja kwa moja kwenye diski. Piga df -h (nafasi ya diski) halafu df -i (nafasi ya idadi ya faili) utuwekee hapa. Ukiona /storage/archive imejaa usishtuke, hiyo imetengenezwa ikae hivyo, inahangaisha watu bure.

kebo_nyekundu
Angalia na cheti cha STS, ile huduma ya kuthibitisha wanaoingia, kaka, kwetu kiliisha muda wake na vCenter yote ikagoma, tulihangaika siku mbili.

zamu_ya_usiku
@kebo_nyekundu cheti ni cha kuangalia kweli, lakini kikiisha huwezi hata kuingia, hakikupi siku mbili za amani halafu kisumbue alfajiri. Ya kwake inaonekana kuna kitu kinapanda taratibu hadi kinagonga mpaka.

rafu_ya_juu
Nimerudi. /storage/core haina kitu cha vpxd, dmesg safi, Panic hakuna, logi inakatika tu kama mtu aliyefunga duka. df -i iko poa. Kwenye df -h zote ziko chini ya 50 ukitoa archive, ila /storage/seat iko 94%. Hii ndo yenyewe?

zamu_ya_usiku
Ndo yenyewe mkuu. Seat ndo inakaa takwimu, matukio, alamu na taski za databesi. Ikigonga 95% vpxd inajizima yenyewe ili databesi isije ikaharibika, kwa hiyo ilikuwa inakulinda. Data za zamani zikifutwa inashuka kidogo, ukiiwasha inakubali, ikipanda tena inalala. Hata ungeipa memori ya GB 100 isingesaidia.

Sasa kinachoijaza. Ingia kwenye vCenter yenyewe, Configure, General, tazama statistics iko level ngapi, maana ikipanda inahifadhi takwimu nyingi zaidi. Ya kawaida ni 1. Tazama pia matukio na taski zinatunzwa siku ngapi, kawaida ni 30.

rafu_ya_juu
Level 4! Nakumbuka niliipandisha mwenyewe miezi mingi nyuma nikitafuta kwa nini storeji ilikuwa nzito, tukatatua ile shida na sikurudisha. Na matukio yamewekwa siku 180. Nimerudisha 1 na 30 sasa hivi. Nafasi bado haijashuka.

kebo_nyekundu
Haishuki papo hapo, za zamani zinaondoka kadiri umri wake unavyoisha. Ongeza ukubwa wa diski leo. Ila piga snapshoti (picha ya VM ya kurudia mambo yakiharibika) kwanza.

zamu_ya_usiku
Hapo kwenye snapshoti tuwe makini jamani. Diski ya VM yenye snapshoti haikubali kuongezwa ukubwa, utafika katikati ukwame. Chukua bakapu ya faili kupitia port 5480 (ukurasa wa usimamizi wa seva ya vCenter), hakikisha imemaliza bila kosa, na kama kuna snapshoti ya zamani imesahaulika iondoe. Halafu fungua hosti inayobeba hiyo vCenter moja kwa moja, ongeza ukubwa wa diski ya 8 (kwenye toleo la 7 ndo seat, lakini hakikisha kwa lsblk inayoorodhesha diski, usiniamini mimi tu). Rudi SSH upige /usr/lib/applmgmt/support/scripts/autogrow.sh ili mfumo uanze kutumia nafasi mpya. Fikiria ukubwa kabla, maana kupunguza baadae haiwezekani.

rafu_ya_juu
Wakuu leo siku ya tisa. Bakapu ya 5480 ilimaliza, nikakuta kweli kuna snapshoti ya mwaka jana imelala pale, nikaifuta, nikaongeza diski, autogrow ikamaliza chini ya dakika moja. Seat sasa 58% na inashuka. vpxd haijalala hata mara moja, na bakapu za VM zote zimepita usiku tisa mfululizo. Nimeweka alamu initumie meseji seat ikifika 80. Asanteni sana, hasa zamu_ya_usiku, ningekuwa nimeshaifuta hii seva.