Kufunga dampo la taka hatarishi Marekani: siku 60, 90, 180, miaka 30... saa inaanza kuhesabu lini?

Mluguru_Ohio

Wakuu, habari za majukumu. Niko Ohio mwaka wa tatu, na miezi miwili iliyopita nimepata kazi kwenye kampuni ndogo ya ushauri wa mazingira. Bosi kanikabidhi kabrasha la mteja mwenye dampo la taka hatarishi nyuma ya kiwanda chake. Anataka kulifunga mwakani, na mimi niandae ratiba. Nimesoma kanuni za shirikisho, juzuu ya 40, sehemu ya 264, mpaka macho yanauma. Kila kifungu kina siku zake.

Naomba mwenye uzoefu anieleweshe kama mdogo wake. Hiyo miaka 30 inahesabiwa toka lori la mwisho au toka majani yakishaota juu? Pili, kwenye kadirio la gharama wameondoa dola 40,000 za kuuza matangi chakavu ili jumla ishuke. Hii inaruhusiwa? Ofisini naona aibu kuuliza.

Fundi_Mfinyanzi

Karibu kwenye kazi za vumbi, mdogo wangu. Mimi ni dada yako wa Houston, mwaka wa kumi na tisa huu natembea juu ya mifuniko ya madampo. Aibu iweke pembeni, maana nilipoanza nami nilikosea hesabu hiyo hiyo.

Nachukulia mteja ana kibali kamili na mpango wa ufungaji umo ndani ya kibali hicho. Chukua kalenda. Tuseme lori la mwisho la taka linaingia tarehe 1 Machi. Kazi ya kufunga inatakiwa ianze ndani ya siku 30, yaani kufikia 31 Machi. Lakini taarifa ya maandishi kwa mamlaka ya mazingira inayosimamia kibali inatakiwa ifike siku 60 kabla ya kuanza kufunga. Ukirudi nyuma unakuta 30 Januari. Umeona? Barua inalitangulia lori. Wengi hapo ndipo wanapojikwaa: wanasubiri lori liondoke ndipo waandike barua.

Siku 90 toka lori la mwisho, yaani 30 Mei, taka yote iwe imeshatibiwa, imeondolewa, au imelazwa mahali pake. Siku 180, yaani 28 Agosti, kazi yote ya kufunga iwe imekwisha. Ukiona mvua au barafu vitakukwamisha, omba nyongeza angalau siku 30 kabla muda haujaisha. Ukiomba baada ya hapo umechelewa.

Kazi ikiisha una siku 60 za kupeleka, kwa posta ya rejista, cheti cha kuthibitisha dampo limefungwa kama mpango ulivyosema, kimesainiwa na mwenye dampo pamoja na mhandisi aliyesajiliwa. Ramani ya mpimaji inayoonyesha kila shimo lilipo inapelekwa kwa mamlaka ya mipango miji ya hapo, isichelewe kuliko cheti. Miaka 30 inaanza ufungaji ukikamilika. Siyo lori, siyo majani. Na usiichukulie kama ukuta: mamlaka inaweza kuifupisha au kuirefusha.

Mfuniko wenyewe sitakuchosha nao. Kanuni haikupi sentimita, inakupa kazi ambayo mfuniko lazima uifanye: uzuie maji kupenya kwa miaka mingi, uhitaji matunzo kidogo, utiririshe maji bila mmomonyoko, uvumilie kutitia, na usipitishe maji kuliko sakafu ya dampo. Hilo la mwisho ndilo la akili zaidi. Kama juu panapitisha kuliko chini, umejenga beseni: maji yanaingia, hayatoki, na mchuzi wa taka unapanda mwaka hadi mwaka. Sentimita utazikuta kwenye mwongozo wa 1989 wa EPA, shirika la shirikisho la mazingira: udongo wa majani 60, tabaka la kupitisha maji 30, chini yake turubai la plastiki juu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, 60.

Kuhusu kutitia, nikupe kimoja. Dampo moja nililokuwa nakagua, mwaka wa tatu baada ya kufungwa, theluji ilipoyeyuka nilikuta kidimbwi juu ya mfuniko, ukubwa wa mkeka wa watu wawili. Bata walishahamia. Mapipa yalikuwa yameoza chini na udongo ukashuka. Na kuna mnyama wa huku anafanana na pimbi, kazi yake kuchimba. Kwa hiyo kwenye bajeti ya miaka 30 weka kukata majani, weka kujaza mashimo, weka sampuli za visima vya uangalizi. Watu wanaandika tu "ukaguzi" na kiasi kidogo cha kuombea dua.

Sasa zile dola 40,000. Hairuhusiwi. Kadirio linafanywa kama vile mteja kafilisika na serikali inamlipa mtu baki aje kufunga, tena kwa wakati ambapo kufunga kungekuwa ghali zaidi. Thamani ya chakavu huitoi. Na kila mwaka kadirio linapandishwa kulingana na mfumuko wa bei. Kwa kadirio hilo ndipo anaweka dhamana: mfuko wa amana, barua ya benki, bima au njia nyingine zilizotajwa.

Mimi huwa naanza na fedha na hati ya kiwanja, mfinyanzi baadaye. Ndani ya siku 60 baada ya cheti, hati inaandikwa kwamba ardhi hii ilitumika kwa taka hatarishi na matumizi yake yana mipaka, daima, ili kila mnunuzi aone. Mfano ni Love Canal, kule Niagara Falls, New York: kampuni ya kemikali ya Hooker ilifukia takribani tani 20,000 za kemikali, ikafunika, na 1953 ikaiuzia bodi ya shule ardhi hiyo kwa dola moja. Hati ilitaja kemikali, lakini kwa lengo la kampuni kujivua lawama. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata. 1978 Rais Carter akatangaza hali ya dharura.

Mswahili_wa_Changamwe

Dada umenena. Huku Mombasa tunaijua kwa uchungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri pale Owino Uhuru kilifungwa, madini ya risasi yenye sumu yakabaki kwenye udongo na kwenye damu ya watoto. 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 na eneo lisafishwe. Kufunga lango na kufunga eneo ni mambo mawili.

Kijana_wa_Tandika

Mkuu Mluguru, angalia pia kanuni za jimbo. Majimbo mengi, Ohio ikiwemo, yana idhini ya EPA kuendesha mpango wenyewe na yanaweza kuwa makali zaidi. Iowa na Alaska ndizo hazina.

Mluguru_Ohio

Dada Fundi, shikamoo. Leo nimemwonyesha bosi ule mstari wa chakavu. Kanyamaza kidogo, kisha kaniuliza nimeuona wapi. Nimemwonyesha kifungu. Sasa jumla imepanda na mimi ndiye wa kumpigia mteja simu kesho.

Fundi_Mfinyanzi

Marahaba. Mpigie asubuhi, na kabla hajaanza kulalamika muulize barua ya Januari ataisaini nani.