Elektrolisisi ya mrututu: video, simulesheni au vizibo vya soda?

Mwl_Zamu: Wakuu, habari za jioni. Nina kidato cha tatu, wanafunzi 70 na ushee, projekta moja tunayogombania na mwalimu wa jiografia. Wiki ijayo naingia elektrolisisi, yaani kuvunja kemikali kwa umeme. Mwaka jana nilifanya kwa vitendo: chupa ya maji iliyokatwa nusu, mrututu (salfeti ya shaba, ile chumvi ya bluu), vijiti vya kaboni nilivyochomoa kwenye betri kuukuu. Shaba ikaganda kwenye kathodi (kijiti hasi), darasa likashangilia. Nilipouliza umeme umepitaje kwenye maji yale, karibu wote wakachora elektroni zikiogelea toka kathodi hadi anodi (kijiti chanya)! Safari hii nataka waone kwenye kompyuta ayoni zenyewe, zile chembe zenye chaji zinazobeba umeme ndani ya maji. Nishushe video ya katuni, nitumie simulesheni (jaribio la kuigiza kwenye kompyuta) kama za PhET, au nichore mwenyewe kwa PowerPoint?

Binti_Maabara: PhET ni bure, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulianzishwa na Carl Wieman mwaka 2002. Unashusha faili ukiwa na bando, unaliweka kwenye flashi, darasani linafunguka kwa kivinjari bila intaneti. Ile ya hali za maada naipenda kuliko video yoyote, maana mwanafunzi mwenyewe anapasha na kupoza. Akigandisha maji anaona molekuli zinajipanga na kuacha uwazi katikati, hapo hapo anauliza, "Ndiyo maana barafu inaelea?" Video haiulizwi, inatazamwa tu. Ila kwa elektrolisisi mie hutumia video fupi.

Chaki_Tupu: Vizibo vya soda, mwalimu. Vya bluu viwe ayoni za shaba, vyeupe salfeti, mbegu za maharage ziwe elektroni, na maharage marufuku kugusa "maji". Umeme ukikatika vizibo havikatiki 😄

Mwl_Zamu: @Chaki_Tupu hilo la maharage nimelichukua. Lakini vizibo havitembei vyenyewe, na watoto wangu wataanza kurushiana.

Kemia_Pwani: Nami nina kisa na video. Niliwaonyesha wangu moja nzuri kweli, baadaye kwenye zoezi mmoja akaandika "oksijeni ni gesi nyekundu". Kwenye katuni atomu za oksijeni hupakwa nyekundu, na mimi sikusema kwamba ni rangi ya mchoraji tu. Pia nyingi hufuta maji ili ayoni zionekane, basi ayoni inakwenda kwenye elektrodi (kijiti) moja kwa moja kama daladala ya usiku. Kwenye maji halisi molekuli zimebanana, ayoni inasukumwa huku na huku, inasogea kidogo kidogo. Siku hizi nawaambia wachore kwanza daftarini wanavyodhani, ndipo nawasha projekta, sauti nimezima. Wanabishana na michoro yao wenyewe.

Binti_Maabara: Kuzima sauti nakubali mia kwa mia. Yule msimulizi anawalaza.

Kemia_Pwani: @Mwl_Zamu halafu kabla hujashusha, angalia vijiti kwenye video ni vya nini. Vya kaboni, anodi inatoa mapovu ya oksijeni na bluu inafifia. Vya shaba, anodi inaliwa, kathodi inanenepa, bluu inabaki vile vile.

Mwl_Zamu: Duh. Nimerudi kuifungua niliyoihifadhi. Vijiti vya shaba! Na juu ya meza watakuwa wanaona mapovu. Ningeumbuka mbele ya watu 70.

Chaki_Tupu: Vizibo…

Mwl_Zamu: Nimeamua PowerPoint, nimekesha nayo jana. Slaidi sita tu: maji yamejaa molekuli, Cu²⁺ (ayoni ya shaba) inasukumana hadi kathodi, inapokea elektroni mbili, inakuwa shaba. Kila slaidi nasimama, wanatabiri inayofuata. Elektroni nimezipitisha kwenye waya peke yake. Rangi yake nimeweka ya maharage.