Kadi za Disemba zinamwagika mlangoni: nizijibu zote?

Mgeni wa Sheffield

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Nina swali, msinicheke. Tumehamia mtaa huu wa Sheffield, Uingereza, tangu Agosti, na majirani tunajuana kwa kupungiana mikono tu siku ya kutoa mapipa ya taka. Sasa tangu mwezi huu uanze, kila nikirudi kutoka zamu nakuta bahasha ya kadi ya Krismasi imeanguka chini ya tundu la barua la mlangoni. Ya leo ni ya sita. Wengine wameandika tu "Kwa Namba 14", maana jina hawalijui.

Nyumbani Dar, kadi ikiingia ndani naangalia kwanza kama ni single au double, halafu mwisho wa kuwasilisha mchango ni lini. Hizi nimezigeuza mbele nyuma, hakuna anayeomba kitu. Ndiyo inanitia wasiwasi.

Je, nizijibu zote? Sisi ni Waislamu. Moja ina Bikira Maria na mtoto, tatu zina kindege mwenye kifua chekundu. Halafu wa namba 16 ameweka alama tatu za X chini ya jina lake, kama mwalimu aliyesahihisha daftari. Nimemkosea nini?

Shangazi wa Reading

Marahaba mwanangu. Hujamkosea kitu, hizo X ni mabusu. Mwambie na mume wako mapema asije akaanza maswali. Wenyeji hapa, hasa wanawake, humwekea yeyote wanayemwonea huruma au wanayempenda kidogo. Mwaka wangu wa kwanza niliwekewa mbili na bibi wa miaka themanini, nikakaa usiku kucha nikihesabu makosa yangu.

Jibu zote sita, na jibu wiki hii. Huhitaji stempu wala foleni: unaandika, unavaa koti, unapita mlango kwa mlango unatumbukiza. Dakika kumi. Usibishe hodi, kadi yenyewe ndiyo hodi. Hilo ndilo lililonichukua miaka kulielewa. Sisi tunaingia kwa mtu na salamu mdomoni, tunaulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Hawa wanaona haya kuingia. Wanatanguliza karatasi.

Kuhusu dini, kuna kadi zisizo na Maria wala nyota, zimeandikwa heri ya msimu tu, zina theluji au mti. Nunua pakiti ya mchanganyiko kwenye maduka ya hisani, hela inakwenda kwa wagonjwa au watoto. Za mwakani usinunue sasa. Subiri Krismasi ipite, bei inashuka mpaka nusu, uzifungie kabatini. Kindege chako si cha dini, ni cha posta. Matarishi wa enzi za Malkia Victoria walivaa makoti mekundu, watu wakawatania kwa jina la ndege huyo, robin, naye akahamia kwenye kadi.

Na desturi yenyewe ilianzishwa na mtu mwenye shida kama yako. Henry Cole, mwaka 1843, alikuwa na barua nyingi za kujibu Desemba ile, akamwomba rafiki yake mchoraji, John Callcott Horsley, amchoree moja tu, akaichapisha nyingi. Zilizobaki ziliuzwa shilingi moja moja. Ni uvivu wa mheshimiwa mmoja huu, usiuogope.

Andika kifupi. Mimi kadi yangu ya kwanza niliijaza pande zote: dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako. Nikaitafsiri yote kwa Kiingereza. Jirani alikuja mbio kuniuliza kwa nini namhofia, kuna nini. Jina lao, heri, majina yenu, basi.

Ila msimu ulionifundisha haukuwa Desemba. Baba yangu alifariki Tanga mwezi wa pili, nikashindwa kusafiri. Nyie mnajua msiba wetu: jamvi chini, sufuria nje, watu hawatoki mpaka arobaini. Mimi nilikaa peke yangu na simu. Siku ya tatu zikaanza kuanguka bahasha. Niliudhika, naomba niseme kweli. Nikasema hawa watu wananitupia makaratasi kama matangazo ya piza. Moja ilitoka kwa mama wa nyumba ya mkabala, mjane. Ndani ameandika kwa kalamu iliyotetemeka: "Naona taa ya jikoni kwako haizimwi usiku. Na mimi silali. Gonga." Nikaenda saa saba usiku na chupa ya chai ya tangawizi, nimevaa kanga na koti juu.

Tangu hapo nina daftari. Siku za kuzaliwa, aliyehama nyumba, aliyefiwa na lini, kwa sababu mwaka ukizunguka siku ile hakuna anayemkumbuka, na kadi ikifika siku hiyo… basi tu.

Kaka wa Leeds

Shangazi kwa heshima zote, mimi bado niko upande wa WhatsApp. Bure, inafika sekunde ile ile, na ua linachezacheza.

Halafu kazini kwa mke wangu kila wiki bahasha ya kahawia inazunguka mezani. Huyu anaacha kazi, yule kajifungua, mwingine anafikisha hamsini. Unasaini kadi, unatumbukiza pauni mbili. Tofauti na kamati ya harusi ya Kinondoni iko wapi?

Shangazi wa Reading

Tofauti ni kwamba hakuna mwekahazina anayesoma jina lako kwenye kundi na kiasi ulichoahidi.

Hilo ua lako linalochezacheza, nimetumiwa na watu arobaini, la rangi ile ile. Hata hujui nani kalitazama.

Mkenya wa Coventry

Hamjambo nyote. Mnanikumbusha success card, zile kadi za kumtakia mwanafunzi heri ya mtihani! Kwetu mwezi wa kumi ukifika kila mtu anasubiri jina lake lisomwe paredi, nani kapata ngapi. Zile za kuimba zilikuwa za watoto wa matajiri. Ukifungua kwa bweni usiku inalia mpaka betri iishe, na mwalimu wa zamu anakuja na kiboko.

Mwaka juzi nilimtumia mpwa wangu moja akielekea KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Ilikuwa kubwa, ya mraba, na ina beji ya plastiki ya duara juu. Hapo nikajifunza hesabu za posta, na nawapa bure: hapa Uingereza barua ya kawaida mwisho ni sentimita 24 kwa 16.5, unene milimita 5, gramu 100. Ikizidi kimoja tu, hata unene peke yake, inahesabiwa barua kubwa na stempu ya kawaida haitoshi. Kadi ya mraba ndiyo mtego, maana ukiitazama ni ndogo. Nyingine kama hiyo nilimtumia rafiki yangu hapa hapa, stempu ikapungua, yeye ndiye akalipa tofauti kabla hajapewa. Nilimtumia deni na pongezi.

Pia stempu za zamani zenye sura ya Malkia bila barkodi ziliisha muda 2023, zile za kila siku. Zenye picha, kama za Krismasi, bado zinatumika. Kwa hiyo kagueni droo kabla hamjanunua mpya.

Kwa Kenya, kama ndugu hana sanduku la posta, kuna huduma ya MPost, namba yake ya simu ndiyo inakuwa anwani, anapata ujumbe barua ikifika. Kwa shule, pigeni simu kwanza muulize kama wanapokea kadi, masharti ya mitihani yamekaza.

Msomaji wa Minneapolis

Salaam kutoka kwenye baridi ya kweli. Walioko Marekani: nunueni stempu za Global Forever. Moja inapeleka kadi ya kawaida, mpaka aunsi moja, nchi yoyote duniani, na ukiinunua leo bei ikipanda kesho bado inatosha. Bahasha za mraba na huku zina nyongeza, mashine haizipendi.

Familia za hapa hutuma picha yao wote wamevaa sweta za sare, na barua ya mwaka mzima: nani kahitimu, mbwa kafanyiwa upasuaji. Nilicheka mwanzoni. Sasa tunapiga ya kwetu kila Novemba, sare ya kitenge, na mama mkwe kule Bukoba ameanza kutudai ikichelewa.

Dada wa Hamburg

Kwa ufupi: Ujerumani usimpe mtu heri ya siku ya kuzaliwa kabla ya siku yenyewe. Wanaona ni nuksi. Nilimpa kadi mwenzangu kazini Ijumaa, siku yake ni Jumapili, akaiweka mezani bila kuifungua kama imebeba ugonjwa. Ikichelewa ni sawa. Ikiwahi, umeharibu.

Kaka wa Leeds

Haya, nimebanwa. Nikitaka kumtumia mama Iringa, kwa mfano tu, inafikaje? Kwetu hakuna tarishi wa kupita mlangoni.

Shangazi wa Reading

Kwa mfano tu, nimeelewa.

Tafuta sanduku la mtu anayelifungua kweli: shule ya msingi, parokia, ofisi ya mpwa. Andika jina la mama, halafu kwa kupitia kwa nani, S.L.P. na namba, mji, halafu TANZANIA kwa herufi kubwa mstari wa mwisho. Mimi huongeza na namba ya simu ya mwenye sanduku pembeni, mara nyingi ndiyo inayookoa. Pesa usiweke ndani, hata noti moja. Pesa ina njia zake. Na ya Krismasi uitume Novemba. Tarehe za mwisho hutangazwa kila mwaka, wewe zikimbie kwa wiki mbili.

Kitu kimoja ambacho hakuna anayekuambia: Siku ya Mama ya hapa ni Jumapili ya nne ya Kwaresima, kwa kawaida Machi. Ya kwetu ni Jumapili ya pili ya Mei. Mei ukiingia dukani kutafuta kadi ya mama hukuti, wameshaondoa, wameweka za baba. Kwa hiyo nunua Machi, iandike pale pale, itume mwanzoni mwa Aprili. Za Idi nazo hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, hivyo kadi ya mwaka jana ukitazama tarehe uliyoituma utapotea. Tazama Ramadhani inaanza lini, hesabu kutoka hapo.

Mama yangu kadi zake zote amezipanga kwenye kabati la vioo, mbele ya glasi za harusi ambazo hazijawahi kunywewa maji. Ya mwaka wa kwanza ilifika mwezi wa tatu, ina mtu wa theluji mwenye pua ya karoti. Akanipigia: "Mwanangu, huyu mnene asiye na miguu ndiye baba mwenye nyumba wako?" Hakukubali maelezo. Mpaka leo wageni wanaonyeshwa baba mwenye nyumba.

Mgeni wa Sheffield

Shangazi, nimemaliza. Nimechukua pakiti ya theluji na miti, nimepita na binti yangu mwenye miaka saba, yeye ndiye alikuwa anatumbukiza kwa sababu vidole vyake havibanwi na zile brashi za ndani ya tundu. Tumeandika Kiingereza, na chini mstari mmoja wa Kiswahili, "Heri kwenu nyote." Namba 16 nimempa X tatu, nimemrudishia hesabu yake.

Namba 9 hakuwa ametuletea. Binti akasema tumpelekee tu, tusimruke.

Jioni hii mlango umegongwa. Ni wa namba 9, mzee, amesimama na sahani imefunikwa karatasi ya foili, anataka kufundishwa kutamka "nyote". Amerudia mara nne. Nimemkaribisha ndani amekataa, nimekumbuka uliyosema, sikumlazimisha.

Sasa nina swali jingine. Ndani ya sahani kuna vitumbua vya unga vilivyofunikwa, anaviita mince pie. Neno hilo dukani kwa mchinjaji ni nyama ya kusaga. Ni nyama gani hii na watoto wameshazunguka meza?

Shangazi wa Reading

Siyo nyama, ni zabibu kavu na viungo, jina tu limebaki la kale. Lakini mafuta yake wakati mwingine ni ya ng'ombe ambaye hukumwona akichinjwa. Za dukani ungesoma pakiti. Hizi kama kazipika mwenyewe, muulize. Atafurahi kuulizwa. Na ukimrudishia sahani, usiirudishe tupu.