Fundi kaniharibia kabati la mvule la mama, sasa anasema kosa ni la mbao

Wadau, nina hasira na sitaificha.

Nina kabati la vyombo ambalo mama alitengenezewa Wundanyi mwaka wa 1979. Mvule mtupu, milango ina nakshi za maua zilizochongwa kwa mkono. Lilipoletwa kwangu hapa Donholm, Nairobi, lilikuwa limekuwa jeusi, vanishi juu ya vanishi na nta ya miaka yote hiyo. Kuta za sebule yangu ni kijani cha chupa, mapazia ni krimu, nikataka na kabati liwe krimu. Watakaosema mvule haupakwi rangi nimeshawasikia. Mama mwenyewe aliridhia.

Nikampata fundi kando ya Barabara ya Ngong, pale samani zinapopangwa hadi ukingoni mwa lami. Tukapatana shilingi 16,000: kuosha nta, kupiga msasa, puti ya kuziba nyufa, praima (rangi ya msingi) ya kuzuia madoa, halafu rangi tabaka mbili. Nilizitaja hatua hizo moja baada ya nyingine na kila moja akaitikia. Nikamtumia 10,000 kwa M-Pesa. Kabati likachukuliwa Jumatatu asubuhi. Jumanne jioni simu ikalia: liko tayari, njoo na salio.

Siku mbili! Aprili, mvua ya masika inanyesha kila jioni, hewa imejaa maji, na yeye anadai praima na tabaka mbili zimekauka. Nilipouliza akasema, "Madam, tumelipigia feni." Nikalipa. Kwa macho lilipendeza kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Siku ya nne droo hazifunguki. Rangi ya droo na ya fremu zimegandana. Nikavuta kwa nguvu, rangi ikatoka utando mzima kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake nikaona vanishi ileile ya mama, inang'aa, haina hata mkwaruzo mmoja wa msasa. Msasa haukuwahi kuligusa kabati hili. Nikajaribu kwa ukucha kwenye ubavu, ikabanduka. Nyuma ya mlango, vivyo hivyo. Alichofanya ni kupaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya vanishi laini yenye nta, na hapo rangi haina pa kushika. Hata bawaba za shaba hakuzifungua, amezipaka pamoja na vichwa vya skrubu na tundu la ufunguo.

Wiki ya pili yakaja madoa. Kila palipokwaruzika hadi kwenye mbao, krimu imegeuka kahawia kama chai imemwagika. Mvule una mafuta na utomvu wake, na unyevu wa rangi ya maji huuvuta hadi juu. Ndiyo maana nilisema praima ya kuzuia madoa. Ndiyo maana nililipia!

Nikapiga simu. Nanukuu: "Madam, mbao yako imezeeka, inakataa rangi." Sijawahi kutukanwa hivyo na mtu aliyekula pesa yangu. Mbao ya mwaka 1979 imekauka kuliko mbao yoyote aliyonayo kwenye kibanda chake. Kilichokataa ni mkono wake kushika msasa namba 120, kisha 220, kwa saa chache.

Na wizi huu una mahali pake pa kujificha. Rangi ya juu mteja ataiona, kwa hiyo hiyo itapakwa. Msasa, kuosha nta na praima vinafunikwa, kwa hiyo vinarukwa, lakini bei yake unalipa kamili. Kabati likianza kubanduka fundi ameshakula salio na simu haishiki. Mafundi waaminifu wapo, jirani yangu alitengenezewa meza kwa wiki mbili na hadi leo haina ufa. Ila fundi huyo alimwita jirani aje aone mbao ikiwa uchi kabla ya kuipaka chochote. Mimi sitalipa tena salio la kazi ambayo sikuitiwa kuiona katikati.

Nataka 16,000 zangu zirudi, zote. Nina ujumbe wa M-Pesa, na picha za kabla na baada nimezihifadhi. Aliyewahi kumfikisha fundi kwenye mahakama ya madai madogo anieleze alianzia wapi.

Na jingine, hili kwa wanaojua mbao. Nimejaribu kitambaa chenye spiriti upande wa nyuma. Rangi inalainika na kutoka, lakini vanishi ya zamani nayo inaanza kuyeyuka. Kwenye ubao ulionyooka sijali, nitapiga msasa upya. Kwenye yale maua naogopa. Msasa wa mashine utayala, na kisu nacho kitayala. Mmetumia nini kutoa rangi ndani ya nakshi ndogondogo, na kwa brashi ya aina gani?